Nani Alisema Kiswahili Hakiwezi Kugawanya?

Kalamu yangu leo haitaimba sifa za Kiswahili kwa tenzi na methali, maana sifa hizo huimbwa kila mwaka katika kurasa hizi mpaka nyingine zimechakaa. Leo nimekuja na nambari.

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo. Hoja ilisema kwamba Kiswahili kitumiwe kufundishia masomo yote katika shule za upili. Nilikuwa upande wa kuunga mkono, na tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka mpinzani mmoja aliposimama na kusema, "Mheshimiwa Spika, hebu mwambie mwenzangu anitafutie vigawo vya nambari kubwa kwa Kiswahili. Historia sawa, dini sawa, lakini hisabati? Kiswahili kinajua kuhesabu nyanya sokoni." Watu waliangua kicheko, meza zikapigwa, kengele ikalia. Kura zikaenda upande wao.

Mimi nasema hivi: hoja ile ilichekesha, lakini haikuwa na uzito. Hisabati hukaa katika kichwa cha mtu mwenye karatasi, kalamu na subira. Mtu huyo akifikiri kwa Kiswahili, nambari haitakataa kugawanyika. Na kwa kuwa aliomba nambari kubwa, nitampa moja yenye tarakimu 21, lakini kwanza tupande ngazi polepole.

Tuanze na maneno, kwa sababu ndiyo tuliyochekewa. Jirani zetu wa Tanzania husomesha Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na maneno wanayo tayari. Nambari inayogawanyika kwa 2 wanaiita shufwa, isiyogawanyika kwa 2 wanaiita witiri. Nambari inayogawanya nyingine bila kubakisha kitu ni kigawo chake. Kuna Kigawo Kikubwa cha Shirika, wanakiandika KKS, na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Ile nambari isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe huitwa nambari tasa. Kuzidisha 2 kwa 2 kwa 2 mpaka 2 zifike tano ni 2 kwa kipeo cha 5. Basi, hayo ndiyo maneno nitakayotumia hadi mwisho wa makala hii. Ni machache kuliko maneno ya kueleza jinsi ya kupika mukimo.

Kama neno tasa ni geni kwako, fikiria mkulima wa makadamia kule Embu. Akiwa na miche 91, inaonekana kama miche mikaidi, lakini anaweza kuipanga mistari 7 yenye miche 13 kila mmoja. Akiwa na miche 97, ajaribu apendavyo, mistari haitalingana. Ama aipange yote katika mstari mmoja, ama mstari wa mwisho upungukiwe. 97 ni tasa, 91 si tasa.

Hapa nina neno na wataalamu wa istilahi. Tasa ni neno tunalotumia kwa mama asiyepata mtoto, na huku kwetu ni neno linaloumiza. Lakini katika hesabu mambo ni kinyume kabisa. Kila nambari nzima kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe, ama imezaliwa na tasa zilizozidishwa pamoja, tena kwa njia moja tu. 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na hakuna tasa nyingine zinazoweza kuizaa. Kwa hiyo tasa ndizo mama wa ukoo mzima! Sisemi neno libadilishwe, limeshazoeleka. Nasema tu kwamba aliyelichagua hakufikiri juu ya wajukuu.

Na Kiswahili hakiogopi ukubwa. Kimeru na Kiembu vina igana kwa mia na ngiri kwa elfu. Kiswahili kinaongeza laki, neno lililokuja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, ambalo Kiingereza tunachofundishwa darasani hakina. Wao husema mia ya maelfu. Halafu tuna milioni na bilioni kama wengine.

Sasa tupande ngazi ya kwanza. Zamani wazee wetu hawakupenda watu wala mifugo ihesabiwe hadharani, kwa hivyo nawaomba radhi, maana nitatumia hesabu ya watu ya mwaka 2019. Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714. Tharaka-Nithi 393,177. Embu 608,599. Nambari hizi tumezisikia kwa wanasiasa wakigombania fedha, lakini sijawahi kumsikia mtu akizifungua ndani.

Meru hufunguka kwa urahisi. Mwisho wake ni 4, kwa hiyo ni shufwa: gawa kwa 2, unapata 772,857. Jumlisha tarakimu zake: 7 na 7 na 2 na 8 na 5 na 7, jumla 36. 36 hugawanyika kwa 9, basi na nambari yenyewe pia. Gawa, unapata 85,873. Hapa ndipo jasho huanza. 7 inabakisha 4. 11 inakataa. 13, 17, 19, 23, zote zinakataa. Unaendelea hivyo mpaka unafika 79, na 79 inaingia barabara mara 1,087. Na 1,087 ni tasa. Kwa hiyo watu wa Meru, kwa lugha ya vigawo, ni 2 mara 3 mara 3 mara 79 mara 1,087.

Embu ni witiri, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 37, kwa hiyo 3 haimo. Inakataa kila tasa mpaka 53. Halafu ni 53 mara 11,483, na 11,483 ni tasa.

Tharaka-Nithi ndiyo iliyonifurahisha zaidi, labda kwa sababu ndiyo ndogo na watu hupenda kuipita tu wakiwa garini kati ya Embu na Meru. Jumla ya tarakimu ni 30, kwa hiyo 3 inaingia, na inabaki 131,059. Baada ya hapo, kimya. Nikajaribu 7, nikajaribu 11, nikajaribu tasa moja baada ya nyingine. Mtu atauliza, utajaribu mpaka lini? Kuna mpaka. Kama nambari ina vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kuwa vikubwa. Kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili. 362 mara 362 ni 131,044, na 363 mara 363 ni 131,769. Basi ukifika 362 bila kufaulu, unaweza kuweka kalamu chini. Tasa zilizo chini ya 362 ni 72, ya mwisho ikiwa 359. Zote zilikataa. 131,059 ni tasa. Kazi hii ilinichukua jioni mbili na kurasa saba za daftari, na katika kurasa zote saba sikuhitaji neno hata moja la Kiingereza.

Ngazi ya pili sasa. Ninyi wa kidato cha tatu mnajua mfululizo ambapo kila kipengele ni mara mbili ya kile kilichotangulia. Tuseme mjomba wako amekuahidi shilingi 1 leo, shilingi 2 kesho, shilingi 4 kesho kutwa, na kila siku anazidisha mara mbili. Baada ya siku 3 una shilingi 7. Baada ya siku 5 una 31. Baada ya siku 10 una 1,023. Jumla yako siku zote ni 2 kwa kipeo cha idadi ya siku, toa 1.

Je, pesa hizo unaweza kuzigawa sawasawa kwa marafiki bila shilingi kubaki? Za siku 10, ndiyo, maana 1,023 ni 31 mara 33. Hii ni ile tofauti ya miraba tuliyofunzwa kidato cha pili: 2 kwa kipeo cha 10 ni 32 mara 32, toa 1, unapata 32 toa 1 mara 32 jumlisha 1. Ikiwa idadi ya siku si tasa, pesa hazikosi vigawo. Lakini angalia siku ambazo idadi yake ni tasa. Siku 2, shilingi 3. Siku 3, shilingi 7. Siku 5, shilingi 31. Siku 7, shilingi 127. Zote tasa! Mtu anaweza kudhani ameshapata kanuni. Kisha siku 11 zinakuja na shilingi 2,047, ambayo ni 23 mara 89, na kanuni inavunjika.

Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo ambavyo alisema huzaa nambari tasa kwa njia hii. Katika orodha ile alitia 67. Pesa za siku 67, basi, ni hizi hapa:

147,573,952,589,676,412,927

Ndiyo nambari yangu ya tarakimu 21. Mtu ataniuliza inasomwaje. Ni bilioni 147,573,952,589, na kila moja ya hizo ni bilioni nzima, kisha juu yake milioni 676 na kitu. Kwa Kiingereza kuna jina la kujivunia la ukubwa huu, lakini jina hilo hilo kwa Wamarekani lina maana moja na katika mtindo wa zamani wa Ulaya lina maana nyingine. Afadhali sisi tunaosema bilioni za bilioni, kila mtu anaelewa.

Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyeonyesha kama Mersenne alisema kweli. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba nambari hii si tasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Ni kama kujua kwa hakika kwamba kuku ameibwa bila kumjua mwizi. Halafu Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, akasimama mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikwenda ubaoni akazidisha 2 mpaka kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akahamia upande mwingine wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Majibu yakawa yale yale. Akarudi kitini, na ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Sasa namwuliza mpinzani wangu: hotuba ile ilikuwa kwa lugha gani? Haikuwa kwa lugha yoyote. Ingeweza kutolewa Maua, Nkubu au Runyenjes, na mama anayepita njiani angeifuata.

Tena unaweza kuirudia wewe mwenyewe leo jioni. Usitishwe na urefu. Zidisha 761,838,257,287 kwa 193,707,721. Tarakimu za huyu mdogo ni 1, 9, 3, 7, 0, 7, 7, 2, 1. 0 haina kazi. 1 ni kunakili tu. 7 imejirudia mara tatu, kwa hiyo unaikokotoa mara moja na kuinakili mara mbili. Kazi halisi ni ya kuzidisha kwa 2, kwa 3, kwa 7 na kwa 9, basi. Panga mistari minane vizuri, kila mmoja mahali pake, ujumlishe.

Kabla ya kujumlisha, kuna njia ya kuchungulia kama uko sawa. Jumlisha tarakimu za 193,707,721: unapata 37, 3 na 7 ni 10, 1 na 0 ni 1. Jumlisha za 761,838,257,287: ni 64, 6 na 4 ni 10, tena 1. 1 mara 1 ni 1. Sasa jumlisha za ile nambari kubwa: ni 109, 1 na 0 na 9 ni 10, nayo ni 1. Zimeoana. Njia hii haikamati kosa la kubadilisha nafasi za tarakimu mbili, lakini makosa mengi haiyaachi.

Na hesabu hii ina jambo la kushangaza ndani yake. Kwa kuwa kigawo chake kidogo kabisa, ukiacha 1, ni 193,707,721, pesa zile za mjomba haziwezi kugawanywa sawasawa kwa kundi lolote dogo kuliko hilo. Wape watu wa Embu 608,599, zitabaki. Wape watu wa Meru, zitabaki. Wape Wakenya wote 47,564,296 wa mwaka 2019, bado shilingi kadhaa zitabaki mezani na watu wataanza kuzigombania.

Je, Cole alijaribu kila nambari kuanzia 2? Hapana, Jumapili zisingetosha. Rudi kwenye 2,047 ya siku 11. Vigawo vyake ni 23 na 89. 23 ni mara mbili ya 11 jumlisha 1. 89 ni mara nne ya 22, jumlisha 1. Si bahati. Kipeo kikiwa tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo cha pesa za mjomba hubakisha 1 ukikigawa kwa mara mbili ya kipeo hicho. Kwa kipeo cha 67, kila kigawo lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 134. Jaribu: 193,707,720 gawa kwa 134 ni 1,445,580 kamili. Kwa hiyo mtu haendi hatua kwa hatua, anaruka 134 kila mara. Bado ni miruko zaidi ya milioni moja, na Cole alikuwa na ujanja mwingine wa kuipunguza, lakini mmeona jinsi fikira moja inavyoondoa kazi nyingi.

Najua kuna wanaocheka wakisema, kwani kikokotoo ni cha nini? Haya, chukueni. Katika mtihani wa taifa vikokotoo vinaruhusiwa isipokuwa pale swali linapokataza, na katika shule za kutwa kama yetu si wote tulio navyo. Wakati mwingine kimoja huzunguka dawati zima, na asiye nacho hujiona kama hana akili. Nilikiazima kwa rafiki yangu. Nikabonyeza 2 kwa kipeo cha 67. Kikaonyesha 1.475739526 mara 10 kwa kipeo cha 20. Nikatoa 1. Kikaonyesha kitu kile kile! Kikokotoo chenye tarakimu 10 kimekula mkia wa nambari, na vigawo vya kwanza mtu huvitazamia mkiani. Mojawapo ya nambari hizo mbili ni shufwa kabisa, ina 2 peke yake ndani, mara 67. Nyingine ni witiri yenye tasa mbili kubwa. Kwa kikokotoo hicho ni pacha. Asiye na kikokotoo anayejua kuzidisha kwa mkono anaona tofauti. Mwenye kikokotoo haioni. Sichukii mashine, lakini sioni kwa nini mtoto aone haya kwa kukosa chombo ambacho hakiwezi kumwambia kama nambari hii ni shufwa au witiri.

Mpinzani alikuwa na mkuki mwingine: kwamba mambo haya ni ya wageni, sisi tumeyaazima tu. Kuhusu hilo, tuvuke Uganda twende mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na kanisani. Pale Ishango, Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji aitwaye Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama za kukatwa. Una umri wa miaka 20,000 hivi, na siku hizi umehifadhiwa Brussels. Alama zimepangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60.

Wapo wanaosema kwamba mchongaji alizijua tasa. Wapo wanaosema ilikuwa kalenda ya mwezi. Mimi sitaki kudanganya kwa ajili ya kushinda mdahalo. Safu ya pili ina 9 na 21, ambazo si tasa, ingawa nayo jumla yake ni 60. Kumsingizia mtu wa kale elimu ambayo labda hakuwa nayo si heshima. Ninachokiona ni kwamba mtu alikaa kando ya ziwa letu, akahesabu kwa makini, akaweka kumbukumbu. Hakuwa na Kiingereza, wala hakuwa na Kiswahili pia. Hesabu ilimkubali.

Na faida yake ni nini? Nimeulizwa swali hili hata nyumbani. Kutia maziwa ndani ya chai ni rahisi, kuyatoa ni kazi nyingine. Vivyo hivyo kuzidisha tasa mbili kubwa huchukua dakika, lakini ukipewa jibu tu, kuzirudisha zile mbili ni mateso. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waligeuza mateso hayo kuwa kufuli ya siri. Waliuambia ulimwengu: hii hapa nambari ya tarakimu 129, aliyetia maziwa ni sisi, yatoeni. Zawadi ilikuwa dola 100. Ilichukua mpaka mwaka 1994, na watu wapatao 600 wakiunganisha kompyuta zao, kufuli ikafunguka. Mwaka 2020 nambari ya tarakimu 250 ilivunjwa. Kufuli za aina hii zinazotumika sana leo zina nambari ya tarakimu 617, na hiyo hakuna aliyethibitisha kuivunja. Kadi nyingi za benki zenye ile chipu ya rangi ya dhahabu hutumia kufuli ya ukoo huo. Kwa hiyo mkulima anapotoa bonasi ya chai kwenye mashine ya benki pale mjini Embu, huenda tasa mbili zimesimama mlangoni zikilinda jasho lake.

Nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana nayo ni ya jamii ya mjomba. Mmarekani Luke Durant aliipata Oktoba 2024 kwa kutumia kompyuta nyingi zilizotawanyika katika nchi mbalimbali: ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu 1,000 katika kila ukurasa utahitaji madaftari 206 ya kurasa 200, na hapo hujakosea hata mara moja. Hiyo ni kazi ya mashine, nakubali. Lakini Lucas, yule wa mwaka 1876, alithibitisha kwa mkono kwamba 2 kwa kipeo cha 127 toa 1 ni tasa. Ina tarakimu 39, na hakuna aliyeijua tasa kubwa kuliko hiyo mpaka mwaka 1951. Mashine zilizokuja baadaye zilipimia nambari hizi kwa kanuni iliyotokana na yake.

Ninachopendekeza kwa chama chetu ni kidogo. Mbali na mashindano ya mashairi na ya kughani, kuwe na dakika 20 za hesabu kwa Kiswahili, bila vikokotoo, kila mtu na karatasi yake. Wenye kikokotoo na wasio nacho watakuwa sawa siku hiyo.

Naanza mimi. Wakenya wa mwaka 2019 walikuwa 47,564,296. Nimeondoa 2 mara tatu, nikapata 5,945,537. Nimeondoa 13, nikapata 457,349. Hapo nimeacha makusudi. 457,349 si tasa. Ina vigawo tasa viwili, kimoja kidogo kuliko 20 na kingine kikubwa kuliko 24,000. Majibu yenye njia yote ya kazi yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Jibu tupu bila njia halitapokelewa.